Mwakyusa na Wenzake: Majina ya Ukoo ya Rungwe na Historia Iliyomo Ndani Yake

Mnamo Januari 1962 Nelson Mandela, akiwa ametoka Afrika Kusini kwa siri kupitia Bechuanaland, alitua Mbeya. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1994, anaieleza hoteli aliyofikia, ambako kwa mara ya kwanza aliona Waafrika na Wazungu wakizungumza pamoja barazani bila hofu. Anamtaja pia mwenyeji aliyefika kumtafuta hapo, mbunge wa TANU aliyeitwa Mwakangale, na anasimulia jinsi mgeni mmoja Mwafrika wa hoteli hiyo alivyomweleza bila kuuma maneno mfanyakazi wa Kizungu aliyekuwa mapokezi, ambaye hakuwapa ujumbe wa mbunge huyo, kwamba hao ni wageni wao na watunzwe ipasavyo.

Msomaji wa London au Johannesburg hulipita jina hilo bila kusimama. Msomaji wa Tanzania naye hasimami, lakini kwa sababu nyingine kabisa: amekwisha kulifahamu, au anadhani amelifahamu. Kwa silabi moja tu, *Mwa-*, ameshaamua kwamba mbunge huyo ni Mnyakyusa, kwao ni Tukuyu au Kyela, na huenda picha ya migomba, chai na mvua isiyokatika imekwisha kumjia. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuwauliza watu kabila lao. Tangu hapo serikali haikuuliza tena, lakini jina la ukoo limeendelea kujibu swali ambalo halikuulizwa. Kwa hiyo yafaa kuchunguza silabi hiyo inasema nini hasa, ilianza kusema lini, na ni mambo gani inasingiziwa.

Kwa upande wa umbo, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mepesi: *Mwa-* ni ufupisho wa *mwana wa*, hivyo Mwakyusa ni mwana wa Kyusa. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila yanahitaji kupimwa kwa sarufi ya Kinyakyusa chenyewe wala si kwa sarufi ya Kiswahili. Katika Kiswahili kihusishi cha umilikaji cha ngeli ya kwanza ni *wa*. Katika Kinyakyusa ni *gwa*. Mtoto wa fulani ni *umwana gwa* fulani. Umbo hili la *gwa* halikufichika katika sarufi peke yake. Limo katika majina ya watu yanayoitwa kila siku mitaani Tukuyu. Gwamaka ni *gwa maka*, yaani mwenye nguvu, wa nguvu. Gwakisa ni *gwa kisa*, wa huruma. Iwapo *Mwa-* ya majina ya ukoo ingekuwa kihusishi tu, tungetarajia kusikia Gwakyusa na Gwakangale. Hatusikii hivyo. Mtu aweza kuitwa Gwamaka Mwakyusa, akabeba maumbo yote mawili, *gwa-* katika jina alilopewa alipozaliwa na *Mwa-* katika jina alilolikuta, wala hakuna mzungumzaji anayeyachanganya.

Yabaki basi maelezo mawili. La kwanza ni kwamba *Mwa-* ni mabaki ya neno *umwana* lililomegwa mwisho wake, pamoja na *gwa* iliyolifuata. La pili ni kwamba ni kiambishi cha nomino cha ngeli ya kwanza, *mu-*, kilichoungana na *-a* ya umilikaji, kikaunda nomino kamili yenye maana ya mtu wa fulani, mtu wa nyumba ya fulani. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa asiye mwanaisimu, lakini kwa historia si ndogo hata kidogo. Kwa maelezo ya kwanza Kyusa ni baba. Kwa ya pili Kyusa ni kichwa cha nyumba, na waliomo katika nyumba hiyo waweza kuwa wana, wajukuu, vitukuu, hata na wengine waliokuja kukaa chini yake. Matumizi ya leo, ambamo babu, baba na mjukuu wote huitwa Mwakyusa, yanayaunga mkono maelezo ya pili. Ama sivyo, kila kizazi kingepaswa kuwa na *Mwa-* yake mpya.

Baada ya *Mwa-* hufuata jina la mtu, na jina hilo nalo mara nyingi lina kiambishi cha ngeli kinachoonekana waziwazi. Katika Mwaipopo, Mwaikambo na Mwaisaka kuna *i-*. Katika Mwakangale, Mwakasege na Mwakalinga kuna *ka-*, kiambishi ambacho katika nomino za kawaida huleta udogo. *Ki-* hubaki hivyo mbele ya konsonanti, kama katika Mwakipesile, na hugeuka *ky-* mbele ya irabu, kama katika Mwakyusa na Mwakyembe. Mwandosya, Mwansasu na Mwankenja wana king'ong'o. Mtu akiyapanga majina haya mezani atakuwa na darasa zima la ngeli za Kibantu bila kufungua kitabu.

Jambo moja la hadhari linafaa kutajwa hapa kwa sababu huwapotosha hata wasomi. Kinyakyusa kina irabu saba, na urefu wa irabu hubadili maana ya neno. Tahajia ya kawaida ya majina, iliyofuata Kiswahili, ina irabu tano na haionyeshi urefu. Kwa sababu hiyo maneno mawili tofauti kabisa ya Kinyakyusa huweza kuandikwa sawasawa katika cheti cha ubatizo. Anayetafuta maana ya Mwaipopo kwa kumfikiria popo wa Kiswahili, au ya Mwakalinga kwa kulinganisha na kitenzi chochote kinachofanana nalo machoni, anacheza na herufi tu. Maana ya shina hutafutwa katika matamshi ya wazee wa ukoo husika.

Jina la Mwakyusa lina upekee ambao mengine hayana. Kyusa, ambaye masimulizi humhesabu miongoni mwa mababu wa wakuu, aliacha jina lake katika ukoo mmoja, na shina hilohilo likawa jina la kabila zima: *Abanyakyusa*, yaani *aba-*, kisha *nya-* inayomaanisha wa mahali fulani au wa mtu fulani, kisha *Kyusa*. Ni umbo lilelile la Wanyamwezi na Wanyarwanda. Kwa maneno mengine, Mwakyusa ni mtu wa Kyusa mmoja, na Abanyakyusa ni watu wa Kyusa kwa wingi wao.

Lakini wakazi wote wa bonde lile hawakujiita hivyo tangu zamani. Waliokaa uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, waliokaa Selya, Wakukwe wa miinuko ya juu na Walugulu walijua tofauti zao. Wajerumani waliwajumlisha wote chini ya jina la Konde, wakalitumia vilevile kwa watu wa Karonga. Carl Meinhof, alipochapisha mwaka 1899 kitabu chake kuhusu fonolojia ya lugha za Kibantu, alichagua lugha sita za kulinganisha, na moja kati yake ilikuwa Kikonde. Hicho ndicho Kinyakyusa. Wanafunzi wanaofundishwa kwamba Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo sita aghalabu hawaambiwi kwamba lugha ya Tukuyu ilikaa kando yake katika msingi wa isimu linganishi ya Kibantu. Mmisionari wa Kiskoti D. R. MacKenzie naye aliliweka jina la Konde katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 1925. Ni katika enzi ya Waingereza, kwa kazi za utawala na kwa maandishi ya Godfrey na Monica Wilson waliofanya utafiti wao katika miaka ya 1930, ndipo jina la Nyakyusa lilipoenea na kuwafunika wote. Jina lililokuwa la uzao wa mtu mmoja likawa la watu wengi ambao hawakuwa na nasaba naye. Mkukwe aliyeandikwa Mnyakyusa hakupewa babu mpya, lakini alipewa jina la babu wa mwingine.

Swali linalofuata ni kwa nini majina ya *Mwa-* ni mengi kiasi kile katika eneo dogo. Jawabu limo katika muundo wa utawala wa zamani, na hapa kazi za Monica Wilson, hasa *Good Company* ya mwaka 1951, haziwezi kuepukwa. Wanyakyusa hawakuwa na ufalme mmoja. Walikuwa na himaya ndogondogo, kila moja na mkuu wake, na kila himaya iliundwa na vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walihama nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa ya *ubusoka*, maana yake kutoka. Wazee walikabidhi madaraka, na nchi ya mkuu iligawanywa baina ya wanawe wawili wakubwa, kila mmoja akiwa na watu wake na vijiji vyake. Palipokuwa na mkuu mmoja pakawa na wawili, na baada ya kizazi kingine, kama ardhi iliruhusu, pakawa na wanne.

Mfumo wa namna hiyo huzaa majina. Kila mkuu mpya aweza kuwa mwanzo wa nyumba mpya, na nyumba hujulikana kwa jina lake. Masimulizi ya wakuu huanzia Ukinga, katika Milima ya Livingstone, walikotoka akina Lwembe na Kyungu. Tazama yaliyotokea baada ya hapo. Upande wa Karonga jina la Kyungu likawa cheo, likarithiwa na mtawala mmoja baada ya mwingine. Lwembe vilevile likawa cheo cha mtawala wa kimila aliyekaa Lubaga, karibu na Tukuyu ya leo. Upande wa Rungwe, palipokuwa na wakuu wengi waliogawanyika kila kizazi, majina ya mababu hayakuwa vyeo bali yalivaa *Mwa-*. Tofauti ya siasa ikawa tofauti ya sarufi.

Mwaka 1891 Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walifungua misheni Rungwe, na Waluteri wa Berlin chini ya Alexander Merensky wakaingia bonde lilelile. Waliwakuta wakuu wenye majina kama Mwankenja na Mwakatungila, wakayaandika kwa tahajia yao, *Mua-*. Wasomaji wa nyaraka hizo hukabiliwa na ugumu ambao tahajia haiutatui: anapotajwa mkuu Mwaipopo mwaka fulani, na Mwaipopo mwingine miaka thelathini baadaye, mtafiti hulazimika kuuliza ni yupi, maana jina la nyumba na jina la mtu vimekuwa kitu kimoja.

Daftari la ubatizo lilikuwa la kwanza kudai majina mawili. Jina la kwanza lilitoka katika Biblia, au liliundwa kwa Kinyakyusa kwa umbo la sentensi nzima: Ambilikile, ameniita, Atupele, ametupa, Tusekile, tumefurahi. Nafsi inayotajwa na *a-* katika majina hayo ni Mungu, naye hatajwi kwa sababu hana haja ya kutajwa. Daftari la pili lilikuwa la kodi. Kodi ya nyumba ilitangazwa na Wajerumani mwaka 1897, na Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Karani wa kodi hakuhitaji nasaba. Alihitaji jina ambalo mwakani lingekuwa lilelile. Kisha vijana wa Rungwe wakaenda kwa maelfu kwenye dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kila kambi ikataka jina la pili. Katika mazingira hayo *Mwa-* iliganda. Kile kilichokuwa jibu la swali "wewe ni mtu wa nani?", jibu ambalo lingeweza kubadilika kadiri nyumba zilivyogawanyika, kikawa jibu moja la kudumu. Makarani hawakuyabuni majina haya, ila waliyasimamisha palepale walipoyakuta.

Mwaka 1963 serikali huru ilifuta utawala wa wakuu wa jadi. Mwaipopo na Mwakipesile hawakuwa tena na himaya. Majina yalibaki, yakitumiwa na mwalimu, mkulima wa kahawa na dereva wa lori kwa usawa, na mengine yakahamia kwenye ardhi yenyewe: Mwakaleli katika Busokelo, Mwanjelwa na Mwakibete katika jiji la Mbeya. Abiria anayeshuka daladala Mwanjelwa hukanyaga jina la mtu.

Wengi kati ya waliobeba majina haya wamekuwa watu wa kalamu na wa taaluma, jambo ambalo shule za misheni zilizoanza mapema zinaweza kulieleza kwa sehemu kubwa. Profesa David Mwakyusa, bingwa wa tiba, alikuwa daktari wa Mwalimu Julius Nyerere na alikuwa naye London katika ugonjwa wake wa mwisho mwaka 1999. Baadaye alikuwa mbunge wa Rungwe Magharibi na Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii. Profesa Mark Mwandosya, mhandisi wa umeme, aliongoza kundi la nchi zinazoendelea, G77 na China, katika mazungumzo ya Kyoto ya mwaka 1997 kuhusu tabianchi, na mwaka 2005 alikuwa mmoja wa watatu wa mwisho katika kinyang'anyiro cha kugombea urais kwa tiketi ya CCM. Dkt. Harrison Mwakyembe, mwanasheria wa Kyela, aliongoza kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa Richmond, ambayo taarifa yake ya Februari 2008 ilifuatwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Godfrey Mwakikagile, aliyezaliwa Kigoma mwaka 1949, ameandika vitabu vingi kuhusu Nyerere na Afrika baada ya uhuru. Bismarck Mwansasu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihariri pamoja na Cranford Pratt kitabu kinachojulikana sana kuhusu safari ya Tanzania kuelekea ujamaa, kilichotoka mwaka 1979. Jina lake la kwanza ni la kansela wa Kijerumani na la pili ni la nyumba ya Kinyakyusa. Hapana haja ya kueleza zaidi ni nani waliopita Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg.

Orodha hiyo ina upungufu mmoja: inawahusu wanaume. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari wa tiba na mmoja wa waasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, mwaka 1987, alilipata jina hilo kwa ndoa. Desturi ya mke kuchukua jina la ukoo wa mume ilikuja na cheti cha ndoa cha kanisa na cha serikali, na imelifanya jina la *Mwa-* kubebwa na watu ambao Kyusa au Ikambo si babu yao kwa namna yoyote.

Hapo ndipo lile swali la mwanzo linaporudi. Je, *Mwa-* ni hati ya Unyakyusa? Ushahidi unasema sivyo. Balozi Daudi Mwakawago, aliyeiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa, alikuwa mtu wa Iringa. Wahehe, Wasangu, Wakinga na Wandali wote wana majina ya aina hii. Ukitoka huko kwenda pwani, familia ya Mwapachu ya Tanga, alikotoka Hamza Mwapachu, rafiki wa Nyerere tangu ujanani, na Balozi Juma Mwapachu, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2006 hadi 2011, ni ya Kidigo. Mdigo pia ni Chirau Ali Mwakwere, aliyekuwa waziri nchini Kenya. Mwaka 1913 na 1914 Wagiriama walipowakataa Waingereza, aliyesimama pamoja na Mekatilili wa Menza alikuwa Wanje wa Mwadorikola. Kati ya Malindi na Mlima Rungwe kuna karibu kilomita elfu moja, na hakuna anayedai kwamba Wagiriama walitoka Tukuyu. Maelezo ya busara ni kwamba *mu-* na *-a* ni urithi wa pamoja wa lugha za Kibantu, na kwamba jamii mbili zilizohesabu watu kwa nyumba za kiume zilifika kwenye umbo moja kila moja kwa njia yake.

Wapo pia Wanyakyusa wasio na silabi hiyo. Jeremiah Kasambala, kiongozi wa ushirika wa Rungwe na waziri katika serikali ya awali ya Tanganyika huru, hakuwa na *Mwa-*. Ng'ambo ya Mto Songwe, ambao mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliufanya mpaka, mwanahistoria wa Wangonde Owen Kalinga huandika jina lake hivyo, Kalinga, ilhali Tukuyu wapo akina Mwakalinga. Upande huohuo wa Malawi yupo mtetezi wa haki za binadamu Undule Mwakasungula. Mpaka haukuigawa silabi.

Katika miaka ya karibuni mabadiliko yanatokea upande mwingine. Mwanasheria aliyeteuliwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 2015 aliandikwa magazetini kama Dkt. Tulia Ackson Mwansasu. Alipochaguliwa kuwa Spika wa Bunge mwaka 2022, nchi nzima ilikuwa imekwisha kumzoea kama Tulia Ackson. Ndio utaratibu wa majina matatu unaotumika Tanzania, la mtu, la baba na la ukoo, na katika usemi wa kila siku la tatu ndilo linaloanguka kwanza. Mtoto wa leo wa Tukuyu aliyeandikishwa kwa jina lake na la baba yake peke yake anaitwa, kwa mfano, Gwamaka Ambilikile: wa nguvu, ameniita. Jina la nyumba halimo, na anayetaka kulijua itambidi amuulize mwenyewe kwao ni kwa nani.